Njia ya Kumi na Saba

1

Msiniambie nitulie. Tangu saa moja asubuhi naambiwa nitulie, na kila aliyeniambia alikuwa na sababu zake za kutaka ninyamaze.

Naitwa Imelda Kilasi. Ni mchukuaji wa chupa katika Ghala la Chachu hapa Makambako, huu mwaka wa sita. Leo Jumatano niliingia zamu nikakuta kreti la chupa tupu zilizorudi kutoka hospitali, kama kila siku. Kazi yangu ya kwanza ni kuzisuuza. Nikashika ya juu kabisa, nikaigeuza kwenye beseni, masalia yakatoka ya kijani.

Nilibaki nayatazama. Chachu iliyoiva ni ya kahawia, kama chai ya rangi. Ya kijani ni mbichi, na mbichi haiendi kukaa kwenye ini ilikotumwa. Inapanda kwenye damu, na mtu hamalizi siku. Nikaisoma karatasi iliyofungwa shingoni mwa chupa. Yustina Ngailo, muuza mbegu za viazi, miaka hamsini na miwili. Kanywa jana saa nane mchana. Kafariki leo alfajiri. Chini yake, kwa mwandiko wa haraka haraka, mtu ameandika: mwili umeikataa dawa.

"Umeikataa!" nilipayuka, peke yangu pale kwenye sinki. "Mwili haukukataa kitu. Mmempa mbichi, halafu mnamsingizia marehemu!"

Namba kwenye kizibo ilikuwa kumi na saba.

Nikaliacha beseni na maji yake nikaenda ubaoni inakobandikwa orodha ya siku. Watu arobaini, njia arobaini, kila mmoja na njia yake. Sikuwa na haja ya kuisoma, kwa sababu jina moja la humo nimelisubiri miezi saba, lakini nilitaka kuliona kwa macho yangu. Njia ya 17, Skolastika Kilasi. Dada yangu, tumbo moja. Chupa itoke saa sita mchana.

Saa ya ukutani ilisema moja na nusu.

2

Ukavu ulipoanza, wakati mimi nipo darasa la tano, watu walikuwa wanakauka ini na kufa tu, hakuna cha kuwapa. Kisha ikapatikana chachu. Unakunywa chupa moja maishani, inajenga kwenye ini, inafanya kazi ambayo ini limeiacha. Tatizo ni kwamba chachu ni kitu hai na kina madeko. Ikikaa tuli inaganda. Ikitikiswa na mashine inakufa. Inataka giza, inataka kusogea kidogo tu mara moja kwa siku, na inataka siku thelathini.

Ndiyo ikajengwa rafu yetu, hapa kwenye baridi. Njia arobaini zimelazwa kwa mteremko, na sakafu ya kila njia ni rola tupu. Hakuna mota, hakuna waya, umeme wenyewe ni wa mgao. Mzee Tito Mwalongo, mpakiaji, yuko nyuma upande wa juu. Anaweka chupa, na uzito wake wenyewe unaivuta kushuka mpaka iguse ya mbele yake. Njia moja inabeba chupa thelathini. Mimi niko mbele upande wa chini. Kila mchana natoa moja kwa kila njia, na ishirini na tisa zilizobaki zinashuka hatua moja, taratibu, kwa sauti ambayo nikiwa nyumbani naisikia bado. Iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Ikifika mbele imeiva.

Ndiyo maana chupa hazina tarehe. Wakubwa walisema tarehe ya nini, wakati rafu yenyewe ndiyo kalenda? Chupa ni nyeusi, huoni ndani, na ukifungua kuchungulia rangi umeshaiharibu. Unaiamini rafu, basi.

Alhamisi iliyopita rola za njia ya kumi na nane zilivunjika, chupa zake zote zikaondolewa. Kila njia ina pini nyekundu mbele, chini ya kilango chake. Ukiivuta, kilango kinajifunga na njia hiyo haitoi kitu mpaka fundi aje. Tukaivuta ya kumi na nane. Lakini wagonjwa bado ni arobaini, si ndiyo? Kwa hiyo utaratibu unasema chupa inayopungua iazimwe kwa jirani, ama kumi na saba ama kumi na tisa, maana vilango vya hao wawili tu ndivyo vinavyofunguka mara ya pili. Unatoa ya kwanza, ya pili inashuka, unaitoa nayo.

Njia iliyoazimwa imetoa mbili kwa siku moja. Zote zilizobaki ndani yake zimewahishwa hatua moja, kwa hiyo zitafika mbele zikiwa na siku ishirini na tisa badala ya thelathini. Haina neno. Ukiiazima tena, ishirini na nane. Mara ya tatu, ishirini na saba, na hapo ndipo mwisho wa usalama. Mara ya nne ni sumu. Hesabu ya wakubwa ilikuwa siku sita: tatu kwa jirani huyu, tatu kwa yule, na fundi atakuwa ameshafika.

Tumeazima siku sita, kuanzia Alhamisi hadi Jumanne. Fundi hatumjui hata sura. Na mama wa watu kapewa chupa ya siku ishirini na sita, maana yake kuna mtu ameazima kumi na saba mara ya nne. Nilitaka kumjua huyo mtu. Nilitaka nimshike shati, nimwoneshe lile beseni.

3

Bwana Rwiza, meneja wetu, alikuwa ofisini na koti lake, anakunywa uji. Niliingia bila hodi nikamwekea chupa ya Mama Yustina mezani.

"Najua," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Unajua tangu lini?"

"Hospitali walinipigia saa kumi na mbili. Kaa kwanza, Imelda."

"Sikai. Wewe unajua tangu saa kumi na mbili, na pini ya kumi na saba mpaka sasa iko mahali pake?"

Akasukuma bakuli pembeni. Bwana Rwiza si mtu wa kelele, na hilo ndilo linalonichosha kwake. Ukimtukana anakujibu kwa namba.

"Ukivuta pini mbili zinazofuatana, nini kinatokea?"

"Nondo inashuka."

"Nondo inashuka, rafu nzima inafungwa, na ufunguo wanao wakaguzi, Iringa. Sawa. Wakaguzi watakuja. Wataniuliza, Bwana Rwiza, chupa ipi hapa ina siku ngapi? Nitawajibu nini? Chupa hazina tarehe. Nani ameazima wapi, hakuna aliyeandika. Wakishuku njia moja na huna maelezo, wanamwaga zote. Elfu moja mia moja na sabini. Kuotesha upya ni mwezi mzima. Watu arobaini kwa siku, kwa siku thelathini, hakuna chupa. Sasa niambie."

"Na pini isipovutwa?"

"Mmoja kwa siku," alisema. "Wiki tatu na ushee hivi, mpaka zile mbichi zitoke ziishe."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

"Fundi uliambiwa umwite Alhamisi! Kastori alikuandikia, Matrida alikuandikia, mimi nimekuja mwenyewe kwenye mlango huu Jumapili baada ya misa. Ukasema rola zinatoka mbali, endeleeni kuazima, mtajua wenyewe. Haya, tumejua wenyewe! Na huyo mmoja wa leo unamjua ni nani?"

"Namjua." Akavuta droo, akatoa orodha ya siku, nakala yake, akailaza mbele yangu. Juu yake akaweka penseli. "Nimeliona jina lako la ukoo pale. Mimi pia nina dada, Imelda. Orodha ni karatasi. Dada yako ahamie njia ya tano, haijaguswa, ni salama kabisa. Wa njia ya tano aje kumi na saba."

"Ni nani wa njia ya tano?"

"Unataka kumjua wa nini?"

"Ni nani?"

Akainama kusoma, ingawa nina hakika alikuwa analijua. "Abel Ng'ande. Fundi viatu wa Ilembula."

Nilimtukana. Sitayarudia hapa niliyomwambia, mama yangu yuko hai na ataletewa habari. Lakini nitasema lililo kweli, kwa sababu nimechoka na watu wanaosema nusu: nilipotoka mle ofisini, orodha nilikuwa nayo mkononi, na penseli nilikuwa nayo. Sikumrudishia. Nilitembea ukumbi mzima nikijiambia kwamba huyo Abel labda ni mzee sana, labda hana mtu, labda hata angekuja asingefika na mvua hii. Nilimuua mara tatu kabla ya kufika kwenye rafu.

4

Kastori na Matrida walikuwa wanapanga vikapu. Hao ndio wachukuaji wenzangu, tunapokezana zamu ya kutoa chupa, kila mmoja na siku zake. Nikalichukua lile beseni kwenye sinki nikalipiga chini mbele yao, maji ya kijani yakawarukia viatu.

"Nani kaazima kumi na saba mara ya nne?"

"Kamwene, dada Imelda," Kastori akaanza, na kicheko chake kile.

"Usinisalimie! Kuna mtu amekufa. Nani?"

Kicheko kikaisha. Wakatazamana. Matrida ndiye aliyesema kwanza, mikono kaificha kwenye aproni.

"Mimi niliazima kumi na saba Ijumaa. Mara moja tu, dada. Jumatatu nilienda kumi na tisa."

"Kastori?"

"Alhamisi," alisema. "Na Jumapili." Akaona uso wangu, akainua mikono. "Sasa ningefanyaje? Kilango cha kumi na tisa spring yake unaijua. Kinabana vidole mpaka ukucha unatoka. Nikasema mara hii tu, wengine wataenda kumi na tisa, itajisawazisha."

"Wengine wataenda! Kila mtu hapa anasema wengine wataenda! Tatizo lenu ni ukucha? Mama wa watu amelazwa mochwari na nyie mnaongea habari ya ukucha?" Nilikuwa nalia sasa, lakini kwa hasira, na nilichukia kwamba wananiona. "Sita kwa jumla. Mimi Jumamosi nilienda kumi na tisa, na Jumanne kumi na tisa, kwa mkono huu huu, kikanibana, nikanyamaza. Kwa hiyo mmoja wenu anadanganya. Mmoja kati yenu wawili kaenda kumi na saba mara moja zaidi ya anavyosema."

"Hawadanganyi," ilisema sauti kutoka ndani ya rafu.

Ilikuwa ya Mzee Tito. Yeye yuko nyuma, na ukitaka kumwona unainama unachungulia kwenye njia tupu ya kumi na nane, unaona uso wake mwisho wa rola. Watu wanamsahau. Anafanya kazi pale tangu rafu ifunguliwe, na kila siku ndiye anayeona mapengo, kwa sababu ndiye anayeyajaza.

"Shikamoo, mzee," nilisema, nikajifuta uso.

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Njia ya kumi na saba nimeikuta na mapengo mawili mara nne. Alhamisi, Ijumaa, Jumapili, na jana. Kumi na tisa nimeikuta na mapengo mawili mara mbili, Jumamosi na Jumatatu. Njia nyingine zote, pengo moja moja. Siandiki, lakini sijawahi kukosea mapengo, muulize yeyote."

"Jana ni Jumanne," nilisema. "Jana nilienda kumi na tisa."

"Hapana, mwanangu."

"Mzee, nakuheshimu, lakini najua nilikoweka mkono wangu!"

"Mimi nyuso zenu sizioni nikiwa huku," alisema, polepole, kwa upole ambao ningependa asingekuwa nao. "Nawajua kwa mikono. Inaingia mikono kutoka kwenye mwanga, inachukua, inatoka. Jana uliingia mkono kwenye kumi na saba mara ya pili. Ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe, hapa kwenye kiganja."

Kastori aliangalia pembeni. Nikautazama mkono wangu wa kulia. Kile kitambaa nilikitoa usiku, lakini malengelenge yalikuwepo. Jumatatu jioni niliungua na sufuria la uji wa dada. Jumanne mchana nilifika kwenye njia ya kumi na tisa, nikaiona ile spring, nikaangalia kiganja changu, na simu ilikuwa inaita, Skola anataka kujua kesho aje na blanketi au watampa. Nilimjibu huku simu nimeibana begani. Nikaingiza mkono kumi na saba. Nilifanya hivyo. Na baada ya hapo nikasahau, kama unavyosahau mlango uliopitia.

Mngenicheka kama mngekuwepo. Saa tatu nzima natafuta shati la kushika.

"Lakini dada," Matrida alisema kwa sauti ndogo, "na sisi tuliazima. Bila zetu tatu, yako isingekuwa ya nne."

"Ya nne ndiyo iliyomuua," nilisema. "Acha kunibembeleza."

5

Nilikaa chini pale sakafuni na ile orodha mapajani. Saa nne na nusu.

Kama dada akinywa ya kumi na saba, anakufa. Hilo halina mjadala. Nikibadilisha, anakufa Abel, na kesho anakufa mwingine, na kesho kutwa mwingine, na mimi nitakuwa nimeuza ukimya wangu kwa chupa ya njia ya tano. Nikivuta pini sasa hivi, arobaini wote hawapati, Skola na Abel humo humo. Nikaiangalia penseli ile. Ilikuwa fupi, imetafunwa nyuma. Mtu mzima anatafuna penseli, halafu anapanga nani afe.

"Mzee Tito," niliita kwenye njia tupu. "Wakija wakaguzi, utawaambia ulivyoniambia mimi? Mapengo yote?"

"Nitawaambia."

"Na mikono?"

"Wakiniuliza, mwanangu, nitawaambia na mikono."

"Hawatakuuliza. Nitawaandikia."

Nikamtuma Kastori akalete chaki anayotumia kuhesabia vikapu. Mzee Tito akasema kutoka nyuma, njia moja moja, moja mpaka arobaini, na Kastori akaandika kwenye fremu juu ya kila kilango. Haijaazimwa. Haijaazimwa. Haijaazimwa. Tulipofika kumi na saba alisita. Nikamnyang'anya chaki. Niliandika kwa mkono wangu wa malengelenge: Alhamisi, Kastori. Ijumaa, Matrida. Jumapili, Kastori. Jumanne, Imelda Kilasi, na chupa ya Jumanne alipewa Yustina Ngailo.

"Wataniona mimi," Kastori alisema.

"Wakuone."

"Nina watoto, Imelda."

"Yustina naye alikuwa nao. Futa jina lako kama unaweza. Mimi sitakushika."

Alisimama pale muda, kidole gumba kimegusa herufi ya kwanza ya jina lake. Kisha akaenda kupanga vikapu kwa kishindo, akivirusha, hanitazami. Hakufuta.

Saa sita kasoro tukaanza kuchukua, zamu yangu. Njia ya kwanza, chupa. Ya pili, chupa. Ya tano nilipoitoa niliishika zaidi ya ilivyohitajika. Ilikuwa baridi na nzito na imeiva, na nilikuwa na uhakika nayo kuliko nilivyo na uhakika na jina langu. Nikaitia kwenye kikapu chenye karatasi ya Abel Ng'ande.

Kumi na saba niliiruka. Ya kumi na nane niliiazima kumi na tisa, mara ya tatu, siku ishirini na saba kamili, na kile kilango kikanibana juu ya lile lengelenge likapasuka. Nikapiga kelele, nikaendelea. Arobaini ilipotoka, Matrida akahesabu vikapu. Thelathini na tisa. Toroli likasukumwa nje, likavuka barabara kuelekea hospitali. Nilisubiri mpaka geti la hospitali lilipofungwa nyuma yake.

Kisha nikapiga goti nikavuta pini nyekundu ya kumi na saba.

Sikuwahi kuiona nondo ikishuka. Inaanguka upande mmoja hadi mwingine, mbele ya vilango vyote, na sakafu inaitikia. Bwana Rwiza alitoka ofisini mbio, koti linapepea, akasimama mbele ya maandishi ya chaki akiyasoma yote, midomo inacheza.

"Umeua watu, Imelda," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Kesho kuna arobaini wengine. Unawaambia nini?"

"Nawaambia wamsikilize Mzee Tito. Tarehe unazozitaka hizo hapo, njia zote arobaini. Wakaguzi wakisoma, watamwaga moja, watafungua thelathini na nane."

"Wasipomwamini? Mzee mmoja na chaki?"

"Basi na wewe waambie ukweli ulioujua tangu saa kumi na mbili, watuamini wawili." Nikamtupia penseli yake kifuani. "Wewe ulitaka kuwaua kwa zamu, mmoja mmoja, ili usisikike."

Aliokota penseli. Hilo ndilo alilofanya, aliinama akaiokota penseli.

6

Wodi ya ukavu ina vitanda arobaini. Nilipoingia, thelathini na tisa walikuwa wameshakunywa au wanakunywa, wanakunja nyuso kwa uchungu wa kile kitu, ndugu zao wanawacheka na kuwapangusa midomo. Skola alikuwa amekaa kitandani kajifunga khanga mpya, hajala tangu jana kama walivyomwambia, macho ya njano, blanketi kalikunja vizuri miguuni. Alikuwa ameliona toroli likipita mbele yake.

"Nilijua unaniletea mwenyewe," alisema, akanyoosha mkono.

Nikaushika ule mkono mtupu, nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio, rola, spring, kitambaa, Mama Yustina. Nilimwambia habari ya penseli. Sikujipunguzia kitu. Alinisikiliza bila kunikatisha, na Skola si mtu wa kutokukatisha.

"Abel ndiye yupi?" aliuliza.

Nilikuwa sijui. Tukatafuta kwa macho mpaka nikakiona kikapu chenye karatasi yake, kitanda cha pili kutoka dirishani. Hakuwa mzee. Alikuwa mwanaume wa umri wetu, mwembamba, ana binti amemkalia miguuni, anamwonesha ulimi wake uliokuwa wa kahawia, na mtoto anacheka hadi anashikilia chuma cha kitanda. Akaona tunamtazama, akatupungia mkono.

Skola hakumpungia.

"Mimi simjui yule mtu," alisema.

"Hata mimi."

"Miezi saba, Imelda. Miezi saba nakunywa uji wako wa kuungua, nakuambia nitafika, nitafika. Leo nimefika. Umeishika kwa mkono wako, umempa yule."

"Ndiyo."

"Pole ndiyo unataka kunipa?"

"Hapana."

"Maana sitaki." Akautoa mkono wake mkononi mwangu. "Unajua ningekuwa mimi pale mbele, na wewe ndiye uko hapa kitandani? Ningekupa wewe. Nisingefikiri mara mbili. Ningekubadilishia jina, ningekuletea, ungekunywa mbele yangu, na nisingekuambia mpaka nazikwa. Ningeishi nayo. Ningekupa wewe!"

Yule mtoto wa Abel aliacha kucheka, akamwuliza baba yake kitu, akashikwa kichwa taratibu akageuzwa upande wa dirisha.

Najua alisema kweli, kila neno.

"Wakaguzi wanafika lini?" Skola aliuliza.

"Nimewapigia simu Iringa. Kesho mchana, barabara ikiwa nzuri."

"Na daktari aliniambia nina mpaka lini?"

"Kesho kutwa."

Akavuta blanketi, akalala, akanigeuzia mgongo.

"Basi unakaa hapa kunitazama nini? Nenda kasimame barabarani. Wakifika uwashike wewe mwenyewe, uwapeleke kwenye hiyo chaki yako, usimwachie mtu."

Nikatoka kwenda kusimama barabarani.